Mahindi Kando ya Kiwanja cha Ndege

Popote Drusilla Nyamoita alipoketi, mkono wake ulipapasa kiunoni kutafuta mkanda. Alifanya hivyo kanisani Nyanchwa, alifanya hivyo hata kwenye kigoda cha kukamulia ng'ombe. Bosibori, binti wa kaka yake, alimcheka tangu utotoni, hadi alipojua jambo hilo lilianzia wapi.

Drusilla alikuwa muuguzi. Kila wiki yeye na rubani walitua Nyansiongo kwa ndege ndogo ya zahanati, kwenye kiwanja cha majani kilichoachwa na setla wa Kizungu. Akina mama waliohofiwa kushindwa kujifungua walisubiri pale wapelekwe hospitali. Shamba lililopakana na kiwanja alikuwa amegawiwa kaka yake, Machogu, na Machogu, kama Mgusii yeyote aliyezaliwa kwenye kishamba chembamba, hakuweza kuona ardhi imelala bure naye akalala. Kila msimu plau yake ilisogea mfuo mmoja ndani ya kiwanja.

Jumamosi moja ya mwaka wa 1969, ndege ikitua, upepo wa ubavuni uliisukuma kidogo tu. Rubani akakanyaga pedali kuirudisha, lakini gurudumu la kulia lilikwishazama kwenye udongo uliolimwa. Ndege ikazunguka kama pia, ikafyeka mahindi, bawa likakunjika. Hakufa mtu. Drusilla alitoka na mfupa wa bega uliovunjika.

Kesho yake, Jumapili, wazee wa kanisa lake la Wasabato walimwita.

"Mliruka siku ya Sabato," alisema mzee Zachariah. "Mungu amesema."

"Sabato haina plau, mzee. Aliyelima ni Machogu."

Machogu, aliyekuwa pale kikaoni, akaruka juu. "Dada, unanivua nguo mbele ya watu?"

"Ulijivua mwenyewe, mfuo kwa mfuo."

Zahanati ilikataa kuleta ndege nyingine mpaka kiwanja kirudi kama zamani. Machogu aliomba avune kwanza. Drusilla hakungoja, mkono mmoja umefungwa kifuani, wa pili ukang'oa mahindi.

"Yameshatoa nywele, Drusilla! Mwezi mmoja tu!"

"Na mke wa jirani yetu Ombati? Tumbo lake litakungoja uvune?"

Mke wa Ombati mwenyewe akaja na jembe, tumbo mbele, na wanawake wengine nyuma yake. Wakasawazisha, wakapanda majani. Ndege iliporudi, wa kwanza kupanda alikuwa Drusilla, bega bado linauma. Kanisa lilimtoa kwenye kwaya kwa ajili ya ile Sabato. Machogu hakukanyaga kwake tena, na nyumba mbili zilizoazimana chumvi zikajifunza kunyamaza.

Miaka saba baadaye, ndege ilikuja kumchukua yeye, amekonda, hawezi kusimama. Bosibori alisaidia kumwinua hadi kitini. Mkono wa Drusilla ukapapasa kiunoni, ukapata mkanda.

"Shangazi, baba yuko pale mwisho wa shamba. Anaona haya kuja. Nimwambie nini?"

Drusilla alitazama nje, pale majani yalipokutana na mahindi, mstari umenyooka.

"Mwambie akija kunichimbia kaburi, mmoja wenu asimame naye na kamba ya kupimia. Huyo atavuka mpaka."