Udongo wa Uani Kwangu

Mimi ni Editha, fundi cherehani hapa Ngara mjini. Nawasimulia haya, akina mama wenzangu wa kliniki, bila kuficha kitu, maana kuficha ndiko kulikokaribia kuniua.

Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu za punda. Nilizaliwa Bugarama, jembe nalijua. Mimba yangu ya kwanza niliibeba huku nikila udongo wa ukutani kwa mama. Mnacheka? Nusu yenu mnao kwenye pochi sasa hivi.

Mimba ya pili ilinikuta kwenye nyumba yetu mpya karibu na stendi. Hamu ikanishika. Udongo wa sokoni niliuogopa, sikujua umechimbwa wapi, nikaona heri wa kwangu mwenyewe. Uani palikuwa na sehemu isiyoota hata nyasi. Deo, mume wangu, aliipenda kwa sababu haikuhitaji kupaliliwa. Nikaukwangua pale, nikauanika, nikala kila siku.

Mwezi wa tano wa mimba tumbo likaanza kuninyonga kama nguo inayokamuliwa. Siku sita sikupata choo. Mdomoni nilisikia ladha ya msumari. Kisha mkono wa kulia ukalegea, mkasi ukawa unanidondoka. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, hiyo ni mimba tu. Vumilia." Kliniki nesi aliniuliza mara tatu kama nakula udongo. Mara tatu nikakana, kama Petro.

Siku nilipozimia ndipo Deo akanipeleka hospitali. Daktari akanifunua mdomo, akaona mstari wa buluu kwenye ufizi.

"Mama, sikugombezi. Unakula nini?"

Nikalia, nikamwambia. Akamgeukia Deo: "Hicho kiwanja kabla yenu kilikuwa cha nini?"

"Cha fundi betri, daktari. Alikuwa anavunja betri za magari na kuyeyusha risasi, ile metali ya ndani yake. Lakini alishahama siku nyingi."

"Yeye alihama. Risasi yake bado imo udongoni."

Damu yangu ikapelekwa Mwanza, jibu likarudi vilevile alivyoshuku. Nikauliza, "Na mtoto?"

Akanijibu: "Risasi inamfikia. Inaweza kugusa ubongo, hata masikio. Tutajua akishazaliwa."

Nilijichukia, jamani. Mtoto hajaona jua, nami nimeshamlisha sumu.

Tulikihama kiwanja kile, tukakaa kwanza Keza kwa mama mkwe. Yule yule aliyeniambia nivumilie akawa ananiletea maziwa na dagaa kila asubuhi, ananitazama mpaka nimalize. Nilimeza vidonge vya kuongeza damu na vya mifupa. Udongo nikauacha wote, hata wa Bugarama, kwa amri ya daktari. Tumbo lilitulia, mkono ukachelewa kupona. Uzi wa cherehani alinitungia Deo, akijichoma vidole na kulalamika.

Anselmi alizaliwa mdogo, lakini alilia.

Mkinunua kiwanja mjini, msiulize mipaka na hati tu. Ulizeni aliyekuwapo alifanya kazi gani: gereji, betri, vyuma chakavu? Kama ndivyo, msipande mchicha pale wala msiwaachie watoto wachezee udongo wake. Na nesi akikuuliza, sema. Aibu haijamuua mtu.

Namshukuru Mungu, na daktari yule ambaye hakunigombeza. Wiki iliyopita tulirudi kwake, mtoto ana miezi minane. Nilimpakata. Daktari akapita nyuma yetu, akaita polepole, "Anselmi."

Mtoto akageuka, akamtafuta kwa macho, akacheka. Nilipiga vigelegele mle ndani mpaka wagonjwa wa foleni wakaja kuchungulia mlangoni.