Maji Hayakumsubiri Mgeni Rasmi

Kwa miaka mingi nilikana kwamba niliwahi kuangalia video za simu. Wenzangu kazini wakizitaja, nilikunja uso kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Ukweli ni kwamba nilikuwa naziangalia pale intaneti kafe ya Karatu, kompyuta ya kona, na nilikuwa nazirudia.

Nilianza kazi ya televisheni miaka ya tisini, shahada yangu ikiwa bado inanukia wino. Siku ya kwanza Mkuu wa Kanda alinikabidhi kamera nzito kama mtoto wa miaka mitatu, stendi yake ya miguu mitatu, na eneo langu, Karatu na Ngorongoro. Kisha akanipa sheria.

"Habari haianzi mpaka mgeni rasmi aingie kwenye picha. Ukipiga bila yeye, umepiga sinema."

Niliishika sheria hiyo kuliko chochote nilichofundishwa chuoni. Nilipiga picha tulivu, yaani stendi imesimama sawa na kamera haitikisiki, nikaifunga kaseti kwenye bahasha ya kaki na kumpa kondakta wa basi la Arusha. Kutoka huko ilisafiri mpaka Dar es Salaam. Mara nyingi mvua ya Ngorongoro ilitangazwa sisi tukiwa tayari tunakula vumbi. Hakuna aliyelalamika, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuiona.

Halafu, simu zenye kamera zilipokwisha kufika hata minadani, mto ulifurika na kukata barabara ya Mang'ola. Malori yalikwama upande huu, vitunguu upande ule. Nilifika mapema, nikasimamisha stendi, nikasubiri.

Mama Yusta, mkulima aliyekuwa amevuka jana yake kutafuta lori, alinijia. Mavuno yake yote yalikuwa kwenye magunia ng'ambo.

"Dada, hiyo kamera imekufa?"

Nikamweleza kwamba tunamsubiri kiongozi, yuko njiani. Akayatazama maji yakiburuta mti mzima, akanitazama mimi.

"Basi yaambie nayo yasubiri. Vitunguu vikioza, huyo kiongozi nitamwonyesha maganda?"

Akatoa simu kwenye pindo la kitenge, akaingia matopeni mpaka magotini, akapiga video. Picha ilitikisika, kidole gumba kilifunika kona moja, na muda wote aliyatukana maji kwa Kiiraqw.

Mgeni rasmi alifika alasiri. Maji yalikuwa yameshuka, na korongo lililobaki barabarani lilionekana kama limekuwapo tangu enzi za babu zetu. Nilimpiga picha safi kabisa, akilielekezea kidole.

Kesho yake mwenye kafe alimsaidia Mama Yusta kuiweka video mtandaoni. Niliketi na mama huyo tukaitazama, tukairudia. Nilitaka kujua kwa nini siwezi kuondoa macho, mimi niliyefundisha watu utulivu wa picha. Nadhani ni kwa sababu aliyeshika simu alikuwa na cha kupoteza. Kwenye picha yangu, kiongozi angeweza kupoteza kofia tu.

Sasa nimestaafu, tena mapema kuliko nilivyopanga, na vijana huniuliza kama simu ndizo zilizoiua televisheni. Huwa nawajibu kwamba sijui, ila nilikuwapo siku moja televisheni ilipoomba namba ya simu.

Siku ile ya video, kaseti yangu ilikuwa bado kwenye basi. Tulikuwa hapo hapo kafe Mhariri Mkuu aliponipigia kutoka Dar es Salaam.

"Hii ya mto, nani kapiga?"

"Mkulima wa vitunguu."

"Na mgeni rasmi yuko wapi?"

"Alikuwa bado njiani."

Akasema wataitoa kwenye taarifa ya saa mbili usiku, na kwamba watu wa barabara wameshaiona, greda linaondoka leo. Kisha akaomba namba. Nikamkumbusha kwamba yangu anayo.

"Yako ninayo. Naomba ya huyo mama."

Nikampa Mama Yusta simu aongee mwenyewe. Aliipokea, akaiziba kwa kile kile kidole gumba, akaniinamia.

"Huyu ndiye mgeni rasmi?"