Jiwe Jeupe la Jaduong'

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonjeshwa pombe hata tone. Nilipewa vikombe vya maji. Kila kikombe kilikuwa kimelowekwa kipande cha mti, na Mkaguzi wa Ladha, mzee mrefu aliyevaa gamboti hata siku za jua kali, akaniambia ninywe kisha nimweleze nasikia nini. Hiki, nikasema, kina harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Hiki kinanikumbusha vibuyu vya maziwa vya majirani zetu Wakuria.

Akacheka. "Nyar Karungu," akasema, yaani binti wa Karungu, "huo ulimi usiupeleke kuuza samaki."

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, katika kiwanda kidogo cha pombe nyeusi karibu na Awendo. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nane, kichwani nina ndoto za kuwa mtangazaji wa redio, na hata nikiosha chupa nilikuwa nazitangazia habari. Mama yangu, Msabato wa kweli, alihuzunika sana kusikia kazi niliyopata. Nikamweleza kwamba sisi waonjaji hatumezi, tunazungusha mdomoni na kutema. Akafikiri kidogo. "Basi nitakuombea utemaji," akasema.

Wengi wenu hamjaona kazi ile ilivyofanywa, kwa hiyo niieleze. Kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, tulikikaanga mpaka kikawa cheusi kama kahawa. Kikapikwa, kikatiwa sukari nguru ya huko huko Awendo, kikachachushwa kwa hamira. Hapo pombe nyingine zingetiwa chupani. Yetu ilipelekwa ghala la Homa Bay kulala ndani ya mapipa ya mbao yaliyowahi kubeba pombe kali, na mbao zile zikawa zinaachia kidogo kidogo zilichokunywa zamani. Jaduong', kama tulivyomwita wote mkaguzi yule kwa heshima ya umri wake, ndiye aliyefikiria kutumbukiza ndani vijiti vya mzeituni mwitu vilivyochomwa kidogo, mti ule ule Wakuria wanaofukizia vibuyu vyao vya maziwa. Pombe ikatoka na moshi mtamu unaokuja mwishoni kabisa, ukishadhani umemaliza kuonja.

Nilihamishiwa Homa Bay niwe msaidizi wake. Tuliketi tumepeana migongo, kila mmoja na glasi yake, ili uso wa mwenzako usikudanganye. Kusema hairuhusiwi. Ukimaliza unaweka jiwe kwenye sahani: jeupe, pipa ni zuri; jeusi, limeharibika. Meneja ndiye aliyekuja kuangalia sahani. Mawe yetu hayakuwahi kutofautiana, na Meneja alitamba na jambo hilo kwa kila mgeni.

Sasa mimi nilikuwa na tabia moja. Kitu kikiwa kitamu napiga ulimi, ta, bila kujua. Kikiwa kibaya navuta pumzi kwa pua. Sikujua kama kuna mtu anayesikia.

Siku moja mvua ilipiga mabati ya ghala mpaka hukusikia hata mawazo yako. Nikaonja pipa la pembeni: siki tupu. Hewa ilikuwa imeingia kwenye kizibo. Nikaweka jiwe jeusi, nikageuka, nikaona kwenye sahani ya Jaduong' jiwe jeupe.

Meneja alionja mwenyewe. Uso ukajikunja. "Mzee, leo umenishinda," akasema taratibu, akaamuru pipa limwagwe, akatoka.

Mvua ilipopungua nikamfuata Jaduong' barazani. Alikuwa anafuta gamboti zake vizuri kuliko zinavyostahili.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu homa ile ya mwaka juzi. Uliniletea uji, unakumbuka? Nikadhani umesahau sukari." Akatabasamu. "Harufu ilikwenda, ladha ikafuata. Nikabaki na masikio. Wewe, Nyar Karungu, unaonja kwa kelele kama ng'ombe kwenye chumvi."

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Wiki ile walikuwa wanakuja wageni wa hoteli za Kisumu kununua mapipa yote ya mzeituni, na mbele yao tungeonja wawili. Akikosea tena, kazi imekwisha, na jina lake nalo.

"Nitapiga ulimi kwa nguvu," nikamwambia. "Hata mvua ije."

"Mpaka lini utanibebea ulimi, nyathina?" Nyathina ni mwanangu. "Wewe nenda nyumbani ulale."

Wageni walikuja wamevaa tai. Kwetu anayetengeneza pombe hunywa kwanza mbele ya wageni, waone kwamba haina madhara, na desturi hiyo Meneja aliishika hata kwa watu wa tai. Jaduong' akagonga kizibo, akajaza glasi, akanywa. Hakutema. Wote wakamtazama.

"Nimekunywa, na niko hai," akasema. Wakacheka. "Lakini ladha msiniulize mimi. Mdomo wangu ulikufa, na nimekuwa nikimsikiliza huyu binti. Muulizeni yeye."

Meneja akakodoa macho. Nikanyakua glasi kwa haraka hadi pombe ikamwagika kwenye kiatu cha mgeni mmoja. Nikaonja. Kwanza sukari nguru, halafu uchungu wa kimea, nikangoja, na ule moshi ukaja. Ulimi ukapiga wenyewe, ta, ghala zima likasikia.

"Hiyo ndiyo sauti yenyewe," Jaduong' akasema.

Walinunua. Walipoondoka Meneja alimwendea mzee, akasema, "Ungeniambia, Jaduong'. Pipa linahitaji mtu wa kulifungua pia." Mzee akabaki nasi mpaka alipostaafu, akifungua mapipa na kunywa wa kwanza, na siku anaondoka akaniachia lile jiwe jeupe.

Redio sikutangaza hata siku moja. Lakini nilifundisha vijana wengi kungoja ule moshi wa mwisho, maana wengi hutema mapema. Mwaka wangu wa mwisho kazini chai yenyewe ilianza kuwa maji ya moto kwangu. Sikungoja mvua. Wageni walipokuja nilifungua pipa, nikanywa wa kwanza mbele ya wote, nikasikia ubaridi na povu, basi. Nikalichukua jiwe jeupe, nikaliweka kiganjani mwa msichana aliyekuwa msaidizi wangu.

"Niko hai," nikawaambia wageni. "Ladha muulizeni yeye."