Hewa Ndani ya Mafuta

Kwa miaka ishirini na mbili, trekta lolote lililogoma katika mashamba yale lilikuwa na mtu mmoja tu wa kuitiwa. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Hata mkewe alimwita Bingwa. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye kucha nyeusi ambazo sabuni ilishazikatia tamaa.

Kisha mdogo wake wa kike akarudi kutoka chuo cha ufundi, akafungua gereji yake ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango wa gereji ya kaka yake.

Mwaka wa kwanza Bingwa alimcheka. Mwaka wa pili akaanza kuhesabu vichwa vya wanaoingia kule.

"Leo tena yule wa mashine ya kusaga," alimwambia mkewe. "Mashine nimeihangaikia mimi tangu ikiwa mpya!"

"Si dada yako huyo? Ulitaka waende kwa nani?"

"Wewe huelewi."

Kazi hakukosa. Kilichomkera ni yale maneno, "yule binti ana mkono", yaliyosemwa mbele yake kana kwamba yeye ni nguzo ya umeme. Aliyasikia kwa kinyozi, akayasikia msibani, na kila mara alitikisa kichwa kukubali huku roho ikimuuma.

Siku moja, msimu wa kulima ukiwa umepamba moto, mwalimu mmoja mstaafu alimwita. Trekta lake kuukuu lilikuwa limekataa kuwaka. Bingwa alipoingia uani alimkuta dada yake ameshafika, mikono ya ovaroli imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu, akilitazama trekta.

"Fundi, nimewaita wote wawili," Mwalimu alisema. "Watu wananisubiri shambani tangu juzi."

"Aanze yeye," Bingwa alisema, akakalia ndoo iliyopinduliwa. "Mimi nipo."

Dada yake alimwomba Mwalimu apige stata. Injini ilizunguka kwa nguvu, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Lakini bomba la moshi halikutoa hata ukungu.

"Mafuta hayafiki kwenye nozeli za kuyapulizia ndani ya injini," alisema.

Alichovya kijiti kwenye tangi: dizeli ilikuwepo, ingawa imeshuka. Akabadilisha chujio. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa iliyoingia kwenye mafuta, akasukuma kimkono cha pampu hadi povu likaisha na dizeli ikatoka safi, akakaza. Mwalimu akapiga stata tena. Trekta likanguruma! Mwalimu akapiga makofi.

Dakika tatu baadaye injini ilikohoa, ikazimika. Bingwa alifurahi. Aliona aibu kidogo kufurahi, lakini alifurahi.

Maana tatizo alilijua. Msimu uliopita alikuta mpira wa mafuta wa trekta hilohilo umepasuka nyuma ya tangi. Alikuwa na haraka, akauzungushia tepu yake ya bluu, akamwambia Mwalimu mambo safi, akapanga kurudi. Hakurudi. Sasa tepu imelegea, na pampu ikivuta mafuta inavuta na hewa. Neno moja tu kutoka kwake lingemaliza kazi.

Badala yake alisema, "Chuoni hawakuwafundisha matrekta ya zamani, eh?"

Dada yake aliinamia pampu tena. Alitoa hewa mara ya pili, mara ya tatu. Kila mara trekta liliwaka, likafa. Jua lilipanda. Mwishowe Mwalimu akamgeukia Bingwa.

"Fundi, hebu tusaidie wewe."

Ndiyo nafasi aliyoiombea asubuhi nzima. Aliinuka, akashika spana, kisha akasita. Akienda moja kwa moja nyuma ya tangi, tepu itamuumbua. Basi akajifanya anakagua chujio, akikaza kilichokwishakazwa.

Dada yake, wakati huo, alitoa begini mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, akauunga kati ya mpira na pampu.

"Piga, Mwalimu."

Mapovu yalipita ndani ya mrija yakifukuzana.

"Hewa inaingia kabla ya pampu," alisema. Akaufuata mpira kwa vidole, polepole, hadi nyuma ya tangi. Vidole vikasimama. Aliuvuta nje kidogo, akaiona tepu ya bluu. Akamtazama kaka yake.

"Nini hicho?" Mwalimu aliuliza.

"Mpira umezeeka tu. Jua limeukausha." Aliibandua tepu, akaifumbata kiganjani.

Alifunga mpira mpya na klipu mbili, akatoa hewa mara ya mwisho. Trekta likawaka, likatoa moshi mzito, likatulia kwenye mlio wake. Robo saa baadaye lilikuwa bado linanguruma. Mwalimu akapanda, akaenda zake shambani.

Wakabaki wawili uani.

"Kwa nini hukumwambia?" Bingwa aliuliza.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Kaka, ungesema wewe, saa mbili asubuhi tungekuwa tumeshamaliza." Hakuwa na hasira. Alikuwa anafuta spana zake na kuzipanga, na utulivu huo ulimuuma Bingwa kuliko tusi. Sasa alimwonea wivu hata moyo wake.

Walirudi pamoja kwa miguu. Wivu haukumtoka siku hiyo, wala mwezi huo. Mtu akimsifu dada yake bado kitu kilimchoma kifuani. Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu peke yake, akamweleza habari ya mpira. Mwalimu alimfokea vya kutosha, naye akavumilia. Kutoka hapo akavuka barabara, akasimama kwenye mlango wa gereji ambayo hakuwahi kuingia.

"Ule mrija," alisema, akitazama ukutani. "Unauungaje bila kuvuja?"

"Pita ndani, kaka," dada yake alisema. "Nikuonyeshe."