Wembe Uliopimwa Badala ya Damu

Siku ninayoikumbuka kwa aibu, mwanangu, ni ya miaka ile ya utawala wa wanajeshi, nilipokuwa msaidizi wa maabara hapa Kampala. Shule niliishia njiani. Kazi nilifunzwa na Mzee Okello, fundi aliyetoka kaskazini. Tulikuwa tukitafuta madini yaliyomo ndani ya protini za damu. Tulizitenganisha katika jeli, utando laini kama uji ulioganda, tukaikata vipande, vikapelekwa ng'ambo kwenye tanuri la nyuklia. Huko madini hupigwa kwa nyutroni hata yakatoa mionzi, na mionzi hiyo hutaja ni madini gani, hata yakiwa chembe ndogo namna gani.

Kwa hiyo jeli ilikatwa kwa kisu cha plastiki, polepole mno. Asubuhi moja Mzee alinikuta nimeshika wembe.

"We kijana! Hiyo wembe ni chuma. Unataka kupima damu ama kupima wembe?"

Nilicheka, nikautia mfukoni. Alipotoka, nikautoa tena. Mwenda pole hajikwai, lakini mimi nilitaka kumaliza kabla ya chakula.

Majibu yalirudi baada ya miezi kadhaa: chuma na kromu, madini ya wembe, katika kila kipande. Kazi yote ilikuwa imeharibika. Mkuu wetu akatuita sote wawili.

"Nani alikata?" Kisha, bila kungoja, akamgeukia Mzee. "Kukata ni kazi yako, Okello. Ama hii ni hujuma?"

Miaka ile, neno hilo halikutamkwa kwa mzaha. Mzee alinitazama.

"Kijana, sema basi."

Nilitazama viatu vyangu.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo, akarudisha kitambulisho cha kazi. Ndicho kilichokuwa kikimpitisha kwenye vizuizi vya askari, maana jina la kwao kaskazini pekee lilitosha mtu kutiwa kwenye buti ya gari, asionekane tena. Nilijua hivyo, mwanangu, nami nikanyamaza. Juma lililofuata nilikwenda kwake Bukoto. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani akasema, "Hatujui, ssebo, bwana wangu. Usiulize." Mpaka leo sijui kama alifika kwao.

Tangu hapo nimejisomea vitabu vingi, ukurasa kwa ukurasa; hakuna kilichonifundisha kuyasahau macho yale. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kosa lako litaje lingali dogo, kabla halijapata mtu mwingine wa kulibeba. Kosa la mkono husameheka. Mimi nilikosa kwa kinywa. Mungu akujalie sauti siku utakapoulizwa, akuepushe na kimya kama changu.