Taa ya ABS na Jua la Garsen

Mwaka uliofuata mafuriko makubwa nilikuwa nikifanya kazi kwenye gereji ya wazi pale Garsen, kando ya barabara ya kwenda Hola. Shule niliiachia darasa la nane, na ufundi nikajifunza kwa kulala chini ya malori na pikapu kuukuu. Gari lenye breki za ABS, zile zinazojikaza na kujilegeza zenyewe ili tairi zisijifunge na kuteleza, nilikuwa sijawahi kulishika.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, ndiye aliyeniletea la kwanza. Mto ulikuwa umembebea migomba na mpunga wote, na tangu hapo alikuwa akimwendeshea gari tajiri mmoja wa Malindi aliyenunua ng'ombe kule Bangale. Alifika Alhamisi asubuhi, hana raha.

"Taa ya ABS inawaka," akasema. "Tajiri anakuja kesho baada ya swala ya Ijumaa. Akiikuta bado inawaka, funguo anampa dereva mwingine. Mwenyewe kaapa."

"Fundi mkubwa kaenda Malindi, mjomba."

"Basi fundi ni wewe."

Niliwasha swichi. Taa ikawaka kidogo, ikazimika kama inavyotakiwa.

"Mbona haiwaki?"

"Jana iliwaka kutoka Bangale mpaka hapa! Unaniona mimi mwongo?"

Nilitazama fyuzi, nzima. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa. Fundi alikuwa amenieleza kwamba kila tairi ina sensa yake ya kuhesabu mzunguko, na sensa moja ikinyamaza, taa inawaka. Nikapiga jeki, nikachomoa plagi moja baada ya nyingine na kupima kwa mita ya kupimia umeme. Vipimo vya zote nne vilikaribiana. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba gari ni zima. Akaondoka akicheka.

Mchana akarudi, hacheki tena. Taa ilikuwa ikiwaka. Nikapima upya, na sensa ya mbele kushoto ilikuwa kimya kabisa, kama haipo. Nilikwenda kunywa maji nikiwaza nitapata wapi sensa nyingine. Kumbe huku nyuma mjomba, kwa kunisaidia, alichukua ndoo akamwagia tairi ile maji ili nione vizuri. Nikapima tena. Sensa ilikuwa hai.

"Sasa ni mbovu au si mbovu?" akauliza.

"Sijui, mjomba."

"Wewe ni fundi, au ni mganga wa kuniambia nije kesho?"

Nilianza kuogopa ile mita. Nilidhani labda betri yake imekwisha, nikabadilisha. Nilidhani maji yanaiponya sensa, nikaona hilo ni wazo la mtu mwenye homa. Siku zote nilijua maji huharibu umeme. Gari hili lilikuwa likipona kwa kuoshwa.

Ijumaa asubuhi mjomba alikuja na gari linang'aa. Alikuwa akilipeleka mtoni kila alfajiri na kuliosha mpaka chini, kwa sababu tajiri hapendi matope. Taa ilikuwa imezimika. Nilimwomba aliache juani na asiliguse. Tukakaa. Jua lilipopanda, sensa ikanyamaza tena.

Nikaingia chini na kuufuata waya kwa vidole, kuanzia kwenye sensa kwenda juu. Nyuma ya springi nikagusa kitu kigumu kama mfupa. Kilikuwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, umekauka, umeuma waya.

"Mjomba, huu ukanda umetoka wapi?"

"Huo? Waya ulikuwa ukining'inia. Mfugaji mmoja kule Bangale alikuwa amechinja, akanikatia ngozi mbichi akanifungia. Alinisaidia sana yule."

Kwetu kila kitu kinafungwa hivyo, mpini wa shoka, mguu wa kigoda, hata kitanda. Unafunga ngozi ikiwa mbichi, ikikauka inabana kuliko msumari. Hata nyundo yangu ilikuwa imefungwa hivyohivyo, ndiyo maana nilikuwa nimeupita ule ukanda mara kadhaa bila kuuona kuwa ni kitu. Niliukata kwa kisu. Ndani yake waya ulikuwa umepondeka na shaba imekatika. Ngozi ikilowa inalegea na vipande vinagusana, ikikauka inavivuta na kuvitenganisha. Nikaunga waya, nikauzungushia tepu, nikaushikilia kwa mpira wa tyubu.

Tukawasha. Taa ikabaki inawaka.

Mjomba akatazama jua. Mimi nilikumbuka fundi akisema kuna taa ambazo hazizimiki mpaka tairi zizunguke, lakini sikukumbuka kama alisema juu ya hii au ya gari jingine. Nilikuwa bado namnong'oneza mjomba hayo, tajiri akashuka kwenye gari la mwenzake.

"Dereva, taa yangu?"

"Inataka tairi zizunguke kwanza, tajiri."

"Nani kasema?"

Mjomba akanionyesha kwa kidevu. Nikatazama kandambili zangu.

"Huyu? Hata ndevu hana. Lete funguo, nitaendesha mwenyewe."

Mjomba akapanda upande wa abiria. Waliondoka kuelekea Minjila, vumbi likawafunika. Niliwasha mita na kuizima. Nilijaribu kukumbuka kama niliirudisha plagi ya sensa mpaka ikalia kuwa imeingia, na kila nilipokumbuka, nilikumbuka tofauti.

Gari liliporudi nililisikia kabla ya kuliona. Mjomba ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Tajiri alikuwa amekaa pembeni, kiti amekilaza, kofia imemfunika macho. Hawakusimama, walikuwa wakienda Hola. Mjomba alitoa kichwa dirishani.

"Imezimika, mwanangu! Imezimika!"

Nilitaka kumuuliza ilizimika wapi, walipoanza tu au kule mbali. Nilipofungua mdomo walikuwa wameshapita.