Kikombe cha Mwenye Maji

Nilipokuwa mtoto, kule kijijini kwetu Wamaza, maji yetu yalikuwa na mwenyewe. Aliishi kwenye chemchemi, chini ya jiwe jeusi, nyoka ambaye hakuna aliyewahi kumwona lakini tabia zake kila mtu alizijua. Hakupenda sabuni, hakupenda sufuria yenye masizi, na kabla ya kuchota ulipaswa kupiga makofi kidogo na kumwambia umekuja. Nilipiga makofi. Hata leo, mtu mzima mwenye watoto, nikifika kwenye maji mikono husita kwanza.

Mama yangu alikuwa amezika mtoto aliyekufa kwa kuhara. Huyo dada simkumbuki, ila nakumbuka jinsi Mama alivyoyatazama maji, kama mtu anayemtazama jirani aliyewahi kumwibia. Kwa hiyo mhudumu wa afya alipokuja kufundisha kuchuja, Mama hakungoja kubembelezwa. Alitoboa ndoo chini, akapanga kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, kisha mchanga aliouosha na kuuosha tena mpaka mgongo ukamuuma. Maji yalidondoka taratibu kwenye ndoo nyingine. Halafu aliyachemsha, akayapoza, ndipo yakaingia mtungini. Maji ya kunywa yakawa kazi ya kutwa nzima, na shamba lilikuwa palepale, na mihogo palepale, na mdogo wangu Musafiri mgongoni.

Koko, mama yake baba, alikaa kwetu, na kazi ile haikumpendeza hata kidogo.

"Maji ya kupita mu muchanga na mu moto, ile ni maji ya kufa," alisema. "Haina roho tena. Unamufungia mwenye maji mulango, halafu ni mutoto atalipa."

"Mama, mutoto mwenye alikufa alikunywa maji yenye roho," Mama akamjibu.

Tukadhani yameisha.

Hayakuisha. Musafiri akaanza kuhara. Akalegea, macho yakaingia ndani. Mama alimbeba kwa miguu hadi kituo cha afya, akarudi naye ana nafuu, na baada ya muda mfupi akaanza tena. Wanawake walikuja kutupa pole, na wakiondoka waliitazama ile ndoo ya mchanga. Koko hakumtukana Mama. Alisema tu, "Nilisema," akalia kwa uchungu wa kweli, maana mjukuu huyo alikuwa roho yake. Mama alikonda. Nilimsikia akijiuliza peke yake jikoni kama ni yeye anayemuua mtoto wa pili.

Kisha ikaja siku ambayo mvua ilitufukuza shambani mapema. Tulimkuta Koko amepiga magoti mbele ya mtungi wa maji ya kunywa. Mkononi alikuwa na kikombe cha maji mabichi ya chemchemi, na alikuwa akiyamimina humo polepole.

"Mwenye maji, usitukasirikie," alinong'ona. "Tunakurudishia roho yako. Tuachie mutoto."

Mama alisimama mlangoni, kikapu cha mihogo kichwani. Nilingoja kelele. Hazikuja. Alitua kikapu, akakaa kizingitini, akaegemeza kichwa kwenye ukuta na kufumba macho. Sijawahi kumwona mtu amechoka namna ile.

"Mama," alisema mwishowe, "mugeni mukubwa munamusalimia wapi? Mu chumba ya kulala ao ku mulango?"

"Ku mulango," Koko akasema.

Mama akaishika ndoo ya mchanga. "Mulango yake ni hapa. Kikombe yake mumwagie hapa, yeye wa kwanza. Sisi tutafuata."

Koko alifikiri sana, akakubali. Tangu asubuhi iliyofuata, kikombe cha kwanza juu ya mchanga kilikuwa cha Koko na maneno yake, kisha Mama akaendelea na kazi. Musafiri akapona. Leo ana ndevu.

Watu walisema Koko amempatanisha Mama na mwenye maji, na Mama akawaacha waseme. Koko alikufa akiamini kwamba alimwokoa mjukuu wake. Kile kikombe kilichokuwa kikiingia mtungini kwa siri siku zote zile, hakuambiwa kamwe kilifanya nini. Nilipokua nilimuuliza Mama kwa nini alinyamaza. Alikuwa anaosha mchanga, hakuinua kichwa.

"Nilisha kuzika mutoto, Feza. Ile muzigo sikutaka kumubebesha mutu mwingine."

Onyo la Koko lilitimia, na mkono ulioleta maradhi ulikuwa wake mwenyewe, kwa sababu ya upendo. Namhurumia. Lakini zaidi namhurumia Mama, aliyekubali kuitwa mkosaji ili mwanamke mzee alale usingizi.

Sasa niko Kasongo. Mume wangu yuko Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, hurudi akirudi. Mchanga nauosha mimi, kuni natafuta mimi, na nimechoka, sioni haya kusema. Kuna asubuhi nayatazama maji kwenye bidoni, lile dumu la kuchotea, meupe kabisa, nasema leo watoto wayanywe hivihivi. Kisha najaza kikombe cha kwanza, nakimimina juu ya mchanga, na mdomo unasema "Karibu" kabla sijauzuia. Sijui namkaribisha nani, yule nyoka, au Koko, au dada nisiyemkumbuka. Navuta kigoda, nakaa, nangoja yadondoke.